Rauta imeandikwa 1200, mbona sauti ya ibada inakatika?

Swali limetoka Mbale, kwa ndugu anayesimamia mitambo ya kanisa. Kwa ufupi anasema hivi: mchungaji anahubiri Kiingereza, kuna wakalimani wawili, mmoja Kiswahili mmoja Kigisu, sauti zao zinaingia kwenye laptopu, laptopu imeungwa kwa waya na rauta, na watu wa ndani pamoja na wale wa kwenye tenti nje wanasikiliza kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya kanisa, intaneti haitumiki hata kidogo. Watu wakiwa kumi hakuna shida. Wakifika sitini sauti inakwama. Programu yake ina kitufe cha multikasti (kutuma nakala moja wote waisikie), akikiwasha wote wanapata lakini sauti inakuwa ya roboti na maneno yanamezwa, akikizima waliowahi wanasikia vizuri na waliochelewa wanabaki wakitazama duara linazunguka. Rauta ni ile ya AC1200. Anauliza, si kuna standadi za Wi-Fi zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti na video? Ziko wapi? Na wakichanga wanunue ya Wi-Fi 7, shida itaisha?

Ndugu yangu, kabla hujapitisha kapu la mchango ngoja kwanza tuongee, maana hapo kuna maswali matatu na la hela ndo rahisi kuliko yote.

Tuanze na hio 1200 tuimalize haraka. Wamechukua 867 ya bendi ya 5 GHz wakajumlisha na 300 ya bendi ya 2.4, wakazungusha juu. Hakuna simu hata moja duniani itakayopata hio 1200 kwenye rauta yako, kwa sababu simu inakuwa kwenye bendi moja, na hata hio 867 ni spidi ya hewani ukiwa karibu kabisa, hewa ni safi na simu ina antena mbili. Sasa sauti ya mkalimani ni kilobiti 64 kwa sekunde, mara watu sitini hio haifiki hata megabiti 4. Kwa hiyo kwa hesabu ya dukani ulitakiwa uwe na nafasi ya kumwaga, na ndo maana watu wengi wanachanganyikiwa hapa, wanaenda kununua rauta kubwa zaidi na shida inabaki palepale.

Shida yako ni zamu. Wi-Fi ni kama kikao cha LC1, baraza la kijiji, ambacho mwenyekiti hana kengele: kila mtu anasikiliza kwanza, akiona kimya anangoja kidogo cha bahati nasibu, halafu anaongea, na akimaliza lazima yule aliyeambiwa aseme "nimesikia" ndo wengine waendelee. Kwa hiyo kinachoisha kwenye kikao ni muda. Mtu akisimama kusema maneno matatu tu, bado kuna kukohoa, kusalimia kikao, kukaa chini, na hayo yanakula muda kuliko maneno yenyewe.

Sasa angalia sauti inavyosafiri. Programu nyingi zinakata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani paketi 50 kwa sekunde, kila moja ina baiti kama 160 za sauti, kitu kidogo sana. Ukizima multikasti, laptopu inatuma nakala ya kila msikilizaji peke yake, 50 mara 60, paketi 3000 kila sekunde. Kila paketi hata kama simu iko karibu na ina spidi nzuri inakula kama maikrosekunde 200 hivi ukihesabu kungoja zamu, utangulizi wa redio, data yenyewe, na lile jibu la "nimesikia". Zidisha: milisekunde 600 katika kila sekunde zimeenda, na hapo sijaweka marudio, sijaweka simu za kwenye tenti ambazo ziko mbali na zinaongea polepole, sijaweka mama aliyekaa nyuma ambaye simu yake bado inahangaika kupakia picha za WhatsApp na Wi-Fi yenu haina intaneti. Ndo maana wa kumi anasikia na wa sitini hasikii.

Haya, ukiwasha multikasti hesabu inageuka kabisa. Lugha mbili, paketi 50 kila lugha, jumla 100 kwa sekunde, na wote wanasikia paketi ileile moja iwe ni watu sitini au mia tatu. Safi sana. Lakini hapa ndo kuna mtego, na mtego wenyewe umekaa ndani ya standadi tangu siku ya kwanza: paketi ya multikasti haina "nimesikia". Haiwezi kuwa nayo, maana watu sitini wakijibu kwa mpigo mmoja hewa inavurugika. Kwa hiyo rauta inasema mara moja tu, aliyesikia kasikia, aliyekosa hana pa kudai. Kwenye yunikasti, yaani ile ya kila mtu na nakala yake, kama paketi moja kati ya kumi inapotea hewani rauta inarudia, na ikirudia mara moja inabaki moja kati ya mia, ikirudia tena moja kati ya elfu, na rauta nyingi zinarudia hata mara saba kabla ya kukata tamaa. Kwenye multikasti moja kati ya kumi inabaki moja kati ya kumi. Hio ndo sauti yako ya roboti, wala kodeki, ile inayobana sauti, haina kosa.

Na bado kuna la pili. Kwa kuwa rauta haijui nani yuko mbali na nani ana simu ya zamani, inalazimika kutuma multikasti kwa spidi ambayo kila mmoja ataelewa, na kwenye 2.4 GHz rauta nyingi zikitoka kiwandani spidi hio ni megabiti 1 kwa sekunde, ileile ya standadi ya kwanza ya 802.11, ndo jina la kitaalamu la Wi-Fi, ya mwaka 1997. Ndiyo, 1997. Kila toleo lililokuja baadaye, b, g, n, mpaka la leo, limelazimika kukaa chumba kimoja na wazee wa nyuma, na gharama yake ni hio. Kwa sauti bado unapona, paketi moja itachukua kama milisekunde 2, mara 100, moja ya tano ya hewa imeenda. Lakini nakuona unakokwenda, kesho utataka kutuma na video ya megabiti 4 kwa watu wa tenti, megabiti 4 ndani ya bomba la megabiti 1, hio hata kwa maombi haipiti.

Sasa standadi. Uliuliza ziko wapi, na jibu ni kwamba zipo, moja unayo tayari na nyingine iliandikwa kabisa kwa ajili ya shida kama yako halafu watengenezaji wengi wakaiacha kwenye makaratasi.

Unayoitumia ni 802.11e, ilipitishwa 2005, ingawa Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni unaopima vifaa vya Wi-Fi, hawakungoja, mwaka mmoja kabla walishaanza kupima vifaa kwa kipande chake na kukiita WMM. Kazi yake ni kugawa foleni nne, sauti, video, kawaida, na ya mwisho kabisa kwa mambo yasiyo na haraka. Ujanja uko kwenye ule muda wa bahati nasibu wa kungoja zamu: paketi ya kawaida inachagua namba kati ya 0 na 15, ya sauti kati ya 0 na 3, kila namba ni maikrosekunde 9, kwa hiyo ya sauti karibu kila mara inawahi. Zikigongana ya kawaida inaongezewa kungoja mpaka inaweza kufika 1023, ya sauti inaishia 7. Ni upendeleo wa bahati, dhamana haipo hapo, na ndo maana wahandisi wa video hawakuridhika nayo. Watu wa YouTube wanaokwambia zima WMM ili rauta iwe nyepesi usiwasikilize, kuanzia 802.11n ukiizima unarudi kwenye spidi za zamani za megabiti 54.

Na kuna kijambo kidogo ambacho kinawapiga hata mafundi wakubwa. Rauta haisikilizi ndani ya paketi ijue hii ni sauti, inaangalia namba ya alama kwenye kichwa cha paketi. Programu za sauti kwa kawaida zinaweka alama 46. Rauta nyingi zinachukua biti tatu za mbele tu za hio namba, na biti tatu za mbele za 46 zinatoa 5, na 5 iko kwenye foleni ya video! Kwa hiyo sauti inapanga mstari na video na hakuna anayejua. Mwaka 2018 ilitoka RFC 8325, moja ya karatasi za miongozo ya mtandao, ikasema wazi kwamba 46 ipelekwe foleni ya sauti, ila rauta ya bei ya chini haijasoma hio karatasi. Kama programu yako inaruhusu kubadilisha alama, weka 48, biti zake za mbele zinatoa 6, hapo itaingia foleni ya sauti hata kwenye rauta ya zamani.

Ile nyingine ni 802.11aa ya mwaka 2012, na kazi yake yote ilikuwa ni kusafirisha sauti na video kwa uhakika. Kikundi kilikaa miaka, maana ndani ya IEEE, chama cha wahandisi kinachoandika hizi standadi, mambo hayaendi kwa amri ya mkubwa, rasimu inapigiwa kura, inatakiwa asilimia 75 ya kura za ndio, na kila anayekataa anaandika sababu na sababu lazima ijibiwe, alafu inarudi kura tena. Walichotoa ni kizuri. Kwanza multikasti yenye marudio, kwa njia mbili. Njia ya kwanza rauta inarudia kila paketi mara mbili au tatu bila kuombwa, njia ya pili inatuma furushi la paketi halafu inawauliza wasikilizaji mmoja mmoja kwa zamu, wewe umekosa zipi, wewe je, kisha inarudia zile zilizokosekana tu. Pili wakapasua foleni ya sauti na ya video kila moja kuwa mbili, zikawa sita kwa jumla, ili mkalimani asipigane na simu ya kawaida ya WhatsApp ambayo nayo ni sauti. Na tatu wakaweka utaratibu wa rauta za majirani kuambiana mzigo wao ili wasikanyagane, kitu ambacho mtu mwenye duka juu, duka chini na saluni ukutani anakielewa bila kusomeshwa.

Sasa mbona haiko kwenye rauta yako? Kwa sababu karibu yote hayo ni ya hiari. Kifaa kinaweza kuwa cha Wi-Fi halali kabisa bila kuwa na kitu hata kimoja cha 802.11aa, na kinachomfanya mtengenezaji aweke kitu ni mambo mawili, mteja kukidai au Wi-Fi Alliance kukipima. Mteja hakukidai, na mimi nawaelewa, maana wakati ule ule dunia ilihamia kwenye njia nyingine. Apple walileta HLS mwaka 2009, DASH ikawa standadi 2012, na zote mbili zinafanya video kuwa vipande vya sekunde kadhaa vinavyopakuliwa kama faili la kawaida na kuwekwa akiba kwenye bafa. Ukiwa na akiba ya sekunde ishirini, Wi-Fi ikikwama sekunde mbili hujui. Ndo maana ukitazama mechi ya Arsenal kwa simu unasikia mtaa wa pili wanashangilia goli na kwako mpira bado uko kati, hio ndo bei ya bafa, na watu wengi wameikubali. Wewe huwezi kuikubali, mchungaji akichekesha watu wa ndani wacheke sasa na wa Kigisu wacheke baada ya nusu dakika, hio sio ibada tena. Kwa hiyo wewe uko kwenye lile kundi dogo ambalo soko lilipita likaliacha, pamoja na wenye viwanja vya mpira, madarasa na kumbi za mikutano. Kidogo kidogo mawazo ya 2012 yanafufuka, lile la simu kuiambia rauta mkondo huu ni wa nini na upewe foleni gani limerudi kwenye mpango wa Wi-Fi Alliance wa QoS Management, na kikundi cha 802.11bn, ambacho kitaani wameshakiita Wi-Fi 8, kimechukua uhakika kuwa lengo lake namba moja badala ya spidi. Lakini hio ni ya mbele huko.

Kuhusu Wi-Fi 7, hapana, usinunue kwa ajili ya hili. Mambo yake makubwa, chaneli za megahezi 320 na simu kutumia bendi mbili kwa pamoja, yanafanya kazi simu nayo ikiwa ya Wi-Fi 7, na waumini wako wana itel na Tecno za bei nafuu ambazo nyingine hata 5 GHz hazioni, rauta itawasalimia kwa lugha yao ileile ya zamani. Wi-Fi 6 ina kitu kimoja kingekufaa, inaweza kukata chaneli ya megahezi 20 vipande mpaka tisa na kuhudumia simu tisa kwa mpigo mmoja, hio kwa vipaketi vidogo vya sauti ni dawa kabisa, ila sharti ni lilelile la simu.

Basi cha kufanya. Mimi ningeacha multikasti iwashwe na nihangaike na hasara zake, kwa sababu yunikasti kwa watu sitini kwenye rauta moja ya nyumbani ni vita umeshashindwa. Tafuta akses pointi, kifaa cha kurusha Wi-Fi, inayokuruhusu kugusa mambo matatu, sio lazima iwe mpya, hata ya mtumba ya ofisini au rauta inayokubali OpenWrt, ile programu huria ya rauta, ila hakikisha ni kifaa kilichoidhinishwa na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, na dukani waambie wazi unataka hizi setingi wakuoneshe kabla hujalipa.

La kwanza ni spidi za msingi, zile ambazo kila simu lazima izielewe. Zima 1, 2, 5.5 na 11, anzia 6 au 12. Ile paketi iliyokuwa inachukua milisekunde 2 itashuka chini ya nusu milisekunde. Utapoteza umbali kidogo, kwa hiyo tenti iwekewe akses pointi yake, iliyovutiwa waya kutoka ndani, kwenye chaneli tofauti, na kama ni 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11 tu, usiweke 3 kwa kudhani umejificha, ukikaa 3 unavurugwa na wa 1 na wa 6 wote.

La pili hili wengi hawalijui na naona ndo linakuua: setingi inayoitwa DTIM. Simu moja tu ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri, na siku zote itakuwepo moja, rauta haitumi multikasti hapohapo, inaikusanya mpaka wakati simu zote zitakuwa macho. Wakati huo unapangwa na DTIM. Rauta inapiga mnara wake (beacon, lile tangazo la kusema niko hapa) kila milisekunde 102.4, DTIM ikiwa 3 ina maana sauti inalimbikizwa milisekunde 307 halafu inamwagwa kwa mkupuo, vipande kumi na tano kwa mpigo. Kama bafa ya programu yako kwenye simu ni milisekunde 100, sehemu kubwa ya kila mkupuo itakuwa imechelewa na programu itaitupa, na masikioni utasikia ileile roboti. Weka DTIM 1, na bafa ya programu uipandishe ifike 200 au 250, kuchelewa kwa robo sekunde hakuna mkalimani wala msikilizaji atakayekuona.

La tatu, angalia kama kuna kugeuza multikasti kuwa yunikasti. OpenWrt inayo, na akses pointi nyingi za maofisini zinayo. Kwa watu kama ishirini waliokaa ndani inasaidia sana maana wanarudishiwa marudio yao, kwa sitini izime, umeshaona hesabu.

Kwenye programu yenyewe kama inatumia kodeki ya Opus, washa ile ya kurekebisha makosa. Kila kipande kinabeba nakala hafifu ya kipande kilichotangulia, ukikosa kimoja unakipata kwenye kinachofuata, na kwa hasara ya moja kati ya kumi sikio halitatambua. Hii unajifanyia mwenyewe kile ambacho 802.11aa ingekufanyia chini kule. Alafu chunguza simu za Android zikizima kioo, mfumo unachuja multikasti ili kulinda betri na sauti inakata, isipokuwa programu iwe imeomba ruhusa ya kuishikilia, kama haiombi waambie watu waache kioo kiwe kinawaka au badilisha programu.

Umegusia mwishoni kuwa kuna mzee wa kanisa anapendekeza mtambo mdogo wa FM ili hata wenye katochi, zile simu ndogo za tochi, wasikie. Kiufundi yuko sahihi, FM ndo multikasti bora kuliko zote, haina zamu wala kuomba kurudia. Ila kurusha hewani kunahitaji leseni ya UCC, msiwashe kwanza halafu mkaombe msamaha. Auracast ya Bluetooth iliyotangazwa 2022 nayo imetengenezwa hasa kwa jambo hili, mtoaji mmoja na wasikilizaji wasio na idadi, lakini hesabu simu za kwenye mabenchi yako zinazoijua, sidhani utafika mkono mmoja.

Ukishabadilisha setingi usipime Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu, utajidanganya, miili ya watu ni maji na maji yanameza hizi bendi, 5 GHz hasa. Inua akses pointi juu ya vichwa, karibu na dari, pima katikati ya ibada ukiwa umekaa benchi la mwisho kabisa la tenti na simu mbovu kuliko zote utakayoweza kuazima, na wakati huohuo laptopu ya pili iwe inanasa hewa na Wireshark, programu ya kuchungulia paketi. Fungua paketi moja ya mnara wa rauta utaona spidi za msingi na DTIM zimeandikwa humo. Rauta nyingine ukurasa wake unasema imebadilika na hewani bado iko vilevile, hio irudishe dukani.